Hatua za Kwenda Kwenye Mlango Wetu

Mchumba wa kaka yangu alipofika Goma kutoka Butembo, baba alimpa kiti changu. Kiti nilimsamehe. Kilichonishinda ni kwamba siku ya tatu baba alimwambia avae viatu vigumu ili amwonyeshe historia ya mji huu, na mimi nikaambiwa niwafuate na chupa ya maji.

Miaka yote nilimuuliza baba nyumba yetu ya kwanza ilikuwa wapi, ile iliyomezwa na volkano nikiwa mtoto mchanga. Alijibu kwamba iko chini ya mawe, halafu akaomba chai. Mama alifariki kabla sijajua kuuliza. Basi urithi wangu ulikuwa huo, mawe na chai.

Tulishuka kwenye pikipiki karibu na Munigi, tukaanza kutembea juu ya mawe meusi. Baba, ambaye nyumbani humtoi neno, alifunguka kama gunia lililokatwa kamba. Alimwonyesha moto ulikopita kwenda ziwani, na mahali watu walipovukia na magodoro kichwani.

“Mama, ona,” alimwambia. “Yenye iko na majani ni ya zamani. Yenye haina kitu ni ile ilikula nyumba yetu.”

Yeye anaitwa mama. Mimi ni weye tu. Kwa wivu nilisahau kumpa maji, naye mwenyewe akaniomba kwa upole, akaninywesha kwanza mimi. Ni mwalimu, ana adabu zake. Angekuwa mtu mbaya ningemchukia kwa raha.

Tukafika kwenye tangi la saruji lililochomoza kwenye mawe. Baba alieleza kwamba mawe yalipopoa, kila familia ilirudi kutafuta kiwanja chake kwa kunyoosha kamba na kuhesabu hatua, kuanzia kitu chochote kilichobaki kimesimama. Wao walianzia hapa. Hatua thelathini na nne kuelekea mlima, na juu ya mlango wao wakachomeka kipande cha chuma.

Wifi alihesabu huku akiandika kwenye daftari. Akapita mbali. Baba naye akajaribu, akarudi, akajaribu tena, mwisho akaketi juu ya jiwe akijipangusa uso. Moyoni nilifurahi, aibu yangu.

“Weye, tembeya,” akaniambia.

Nikamuuliza kwa nini mimi, wakati mgeni ndiye aliyefundishwa.

“Miye nilishika tu kamba,” akasema, akiangalia viatu vyake. “Ni mama yako alipima. Unatembeyaka sawa yeye. Ndiyo maana sikukuletaka huku.”

Nilirudi kwenye tangi, nikaanza kuhesabu. Kwenye hatua ya thelathini na nne mguu wangu uligonga chuma chenye kutu, kimejificha kati ya mawe. Nikasimama juu ya mlango wetu.

“Siku ile ulikuwa ku mugongo yake,” baba akasema nyuma yangu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bila wifi nisingefikishwa pale, na nilijua hivyo hata wakati ule. Alikuja taratibu akasimama kando yangu, kalamu mkononi, akaniuliza kama nimepata thelathini na nne kamili, aandike.

Nikamwambia hizo asiandike.