Kamba Ilivutwa Mara Mbili

Nakumbuka siku niliyoingia msibani kichwa juu nikatoka nimekiinamisha, mwanangu, na hadi leo shingo haijanyooka.

Vita vya Congo vilikuwa bado vinanguruma ng'ambo, nami nilikuwa kijana wa Kamembe, mji wetu wa mpakani, natangaza habari redioni. Mzamiaji mmoja, Papa Siméon, alikuwa amefia ndani ya Ziwa Kivu. Alishuka chini sana, chupa za hewa mgongoni, kamba kiunoni, kutafuta mashine ya boti iliyozama. Mimi ufukweni sikufika. Nilikaa baa, nikaokota maneno ya wanywaji, nikatangaza kwa sauti nzito kwamba marehemu alikuwa akicheka na kifo, kwamba alikataa kupanda ili ashindane na ziwa. Watu wakanisifu, kichwa kikavimba. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi hata kuogelea sijui.

Basi nikaenda kutoa pole. Mjane wake, Maman Espérance, aliniketisha karibu, akafungua viganja. Vilikuwa vimechunika.

"Papa, ni mimi nilikuwa nakamata kamba," akaniambia. "Alivuta mara mbili. Ile ni kusema: munipandishe. Tukavuta, kamba ikakwama ku chuma. Bwana yangu alikuwa naogopa ile maji kila siku, njo maana alikuwa nahesabia hewa yake. Sasa batoto bangu banasikia ku redio asema baba yabo alitaka kufa. Juu ya nini hukuniuliza?"

Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Nchi yetu ilikuwa imetoka kuona jinsi maneno ya redio yanavyoweza kuua, yalipochochea watu kuwachinja majirani zao, nami nilidhani yangu ni ya kupamba tu.

Nilimwahidi kusahihisha. Mkubwa wangu redioni akasema habari imeshapoa, nami, nisikufiche, nilifurahi, maana kusahihisha kungenivua sifa. Majirani zake waliniambia mama yule aliwasha redio kila jioni akingoja nisahihishe, hadi alipohama. Hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote.

Mwanangu, wewe una simu inayorusha habari kabla chai haijapoa. Mtu akifa kazini, usimfanye shujaa wala mjinga. Mtafute kwanza aliyeshika kamba. Na ukikosea, sema umekosea siku hiyo hiyo, hata kama sifa zote zitakwenda.

Mungu akupe masikio kabla ya sauti. Na siku utakapovuta kamba mara mbili, akujalie mikono kama ya Maman Espérance huku juu, na mtu wa kusema kwamba ulitaka kurudi nyumbani. Amina.