Siku Tuliyokwenda Beni Kuandikisha Duka

Duka letu halikuwa na mlango. Lilikuwa kwenye simu yangu, na bidhaa zilikaa katika chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga Butembo: maharagwe na viazi kutoka Lubero, samaki wa chumvi kutoka Kyavinyonge. Asubuhi nilipiga picha, nikaziweka kwenye makundi ya WhatsApp, watu wakaandika wanachotaka, na motari akawapelekea kwa pikipiki. Tulifanya hivyo miaka minne, bila karatasi yoyote ila patente, kibali kidogo cha wachuuzi. Kisha masista wenye shule ya bweni huko Beni wakataka tuwapelekee maharagwe kila juma, lakini mhasibu wao akasema hawezi kununua kwa mtu asiye na namba ya rejista ya biashara.

Nilifurahi. Nilikuwa nangoja sababu. Zamani nilikuwa nimeamua, bila kumwambia mtu, kwamba siku duka litakapoandikishwa litakuwa kwa jina la mdogo wangu wa kike.

Sisi tulizaliwa wanne. Baba na mama walikwenda kuvuna kakao upande wa Oicha, penye waasi, hawakurudi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, mwaka wa tatu wa sekondari, na sikurudi tena darasani. Mdogo wangu huyu, wa mwisho, alikuwa na miaka kumi, mkubwa wa kutosha kulala peke yake, lakini alilala ameshika upindo wa nguo yangu ili nisiondoke bila yeye kujua. Wavulana wawili wa katikati sasa wana wake na mashamba. Yeye nilimsomesha mpaka akamaliza chuo kikuu, masomo ya usimamizi. Niliona ni haki: samaki ni wangu, karatasi ni za aliyesoma. Nilitaka awe na kitu ambacho hakuna mtu atakayemnyang'anya.

Nilipomwambia, alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Yaya, andika jina yako." Yaya ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa.

"Mimi nitaandika nini? Wewe njo ulisoma."

Akatoa jiwe, akalitupa nje.

"Sawa, yaya."

Kwetu mdogo hakatai kitu ambacho mkubwa anampa kwa mikono miwili. Mimi ile sawa yake niliichukua kuwa furaha.

Juma lililofuata tulipanda pikipiki moja hadi Beni. Karani wa ofisi ya kuandikisha biashara alikuwa mtu mzima, Munande kama sisi, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja.

"Mubiashara wa nini?" akaniuliza.

"Tunauzisha chakula, papa. Mu simu."

"Duka iko wapi?"

"Iko mu simu."

"Simu haina avenue. Serikali ikikutafuta, itapiga hodi ku kioo?"

Watu waliokaa kwenye benchi wakacheka. Lakini alitueleza kwa upole. Anayeuza kwa mtandao naye lazima awe na mahali pa kupatikana: namba ya parcelle, yaani kiwanja, na avenue na quartier, barabara na mtaa. Chumba cha mbele kinatosha, mradi mwenye nyumba awe ametia sahihi barua ya kukubali. Barua hiyo nilikuwa nayo. Picha mbili nilikuwa nazo, nakala za kadi za uchaguzi, vitambulisho vyetu, pia. Lililobaki lilikuwa tamko la kuapa, karatasi ambayo mwenye biashara anaiandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba sheria haimkatazi kufanya biashara. Baada ya hapo ndipo inapofuata namba ya kodi.

"Mwenye biashara ni nani?"

Nikamwonyesha mdogo wangu.

Karani akatazama kadi zetu, hii kisha ile. Majina yetu ya Kinande yanafuata zamu ya kuzaliwa, ya wasichana mbali na ya wavulana. Ukiyasoma unajua nani alitangulia.

"Wewe njo wa kwanza," akasema. "Huyu binti ya pili. Mukubwa angali muzima, na anashaachia mudogo kiti?"

"Ninamupa, papa. Yeye alisoma."

"Kusoma ni muzuri. Na samaki, nani anabajua?"

"Ni yaya," mdogo wangu akadakia. "Mimi hata kubapanga mu ndoo sijue."

Watu wakacheka tena, na mimi nikacheka. Sikusikia alichokuwa anasema.

Karani akampa karatasi nyeupe, akaanza kumwelekeza. Unaandika jina lako, unaandika kwamba hukuhukumiwa kwa wizi wala udanganyifu.

"Na unaandika kama wewe hapana mutumishi wa Serikali. Ule hawezi kuwa mubiashara. Anachagua moja."

Mdogo wangu alikuwa ameandika mistari miwili, kwa Kifaransa chake kizuri. Kalamu ikasimama. Nilidhani amekosa neno, nikashangaa, maana yeye hakosi maneno ya Kifaransa. Akailaza kalamu polepole pembeni mwa karatasi.

"Yaya, ile siwezi kuiandika."

"Kwa nini?"

"Niko na kazi. Ku Lubero, mu bureau ya Serikali. Barua ilifika, inamaliza majuma matatu."

"Iko wapi?"

"Chini ya godoro."

Ghafla karani akawa na kazi nyingi na muhuri wake.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, andika jina yako. Ukakataa. Ningesema nini ingine, yaya? Ulikuwa unanipa."

Niliona haya kama mtu aliyekamatwa. Majuma matatu alichambua maharagwe yangu, akafunga samaki wangu kwenye mifuko, na barua ile chini ya godoro tunalolalia sote wawili. Kama si lile sharti la sheria, angetia sahihi. Kazi ingepita, na mimi ningemtazama kila asubuhi nikidhani nimemtendea mema. Hilo ndilo lililonitia woga.

"Papa," nikamwambia karani, "uko na karatasi ingine?"

"Ya nani?"

"Yangu."

Tangu niache shule, kalamu yangu ilikuwa inaandika majina ya wateja juu ya mifuko, basi. Mdogo wangu akanyoosha mkono achukue kalamu aniandikie, lakini karani akagonga meza kwa kidole.

"Mukono ya mwenye biashara. Wewe mutajie tu."

Akanitajia herufi kwa herufi. Alienda mbio.

"Polepole, mudogo wangu! Mimi sikuenda chuo."

"Na weye unakaza kalamu sana, itavunja meza ya Serikali."

Alikuwa anacheka na machozi yanashuka, anayapangusa kwa mgongo wa mkono. Niliharibu karatasi mbili. Ya tatu, tulipofika kwenye mstari wa watumishi wa Serikali, aliacha kutaja. Yale maneno nilikuwa nimekwisha kuyaona kwenye zile mbili za kwanza, nikayaandika bila kutajiwa. Herufi zilikuwa kubwa, zimeinama upande mmoja.

Karani aliisogeza karibu na miwani.

"Inasomeka," akasema, akapiga muhuri, akatuambia turudi kuchukua namba.

Tukatoka nje. Mdogo wangu alitembea nusu hatua nyuma yangu, anangoja nimgombeze. Maneno nilikuwa nayo: ya barua kufichwa, ya majuma matatu, ya nani sasa atanipangia hesabu na kujibu wateja. Nikayatafuta kinywani, likaja lingine.

"Lubero kuko baridi," nikasema. "Uko na koti?"

"Hapana, yaya."

Soko la mitumba halikuwa mbali. Alijaribu koti moja la buluu, likampendeza. Nikamwambia anyooshe mikono mbele. Nikavuta mikono ya koti, haikufika kwenye viganja.

"Mama, utupe kubwa," nikamwambia mwuzaji. "Huyu anaenda kukaa kule Lubero."