Kauli Moja ya Varnick

Alhamisi, tarehe 16 Januari. Mvua ya barafu ilianza saa nane mchana, saa kumi ikageuka theluji, na kufikia saa kumi na moja na nusu jioni magari ya Varnick yalikuwa yakiteleza mlimani kama mbuzi aliyewekwa juu ya vigae. Katika hali hiyo Bernadine Hudacek, mjane wa miaka sabini na moja, alivaa viatu vya mpira akatoka kwenda kumchagua mbunge.

Kumchagua hasa. Wapiga kura wa eneo hilo la Pennsylvania walikuwa wametangaziwa uchaguzi mdogo tarehe 18 Machi, wajaze kiti kilichobaki wazi katika bunge la jimbo. Lakini huku kwenye milima ya makaa chama kingine husimamisha mgombea ili tu jina lisikosekane kwenye karatasi. Anayeteuliwa na kamati ya chama kikubwa ndiye mbunge, na kamati yenyewe ni watu kumi na watano, ukumbi wa zimamoto, na sahani za pierogi, maandazi ya kuchemsha yaliyojazwa viazi.

Kiti kilibakije wazi? Mheshimiwa Walter Maddigan alichaguliwa Novemba bila mpinzani. Tarehe 7 Januari akaapa, mkono juu ya Biblia, kwamba atawatumikia watu wake kwa uwezo wake wote. Tarehe 10 akajiuzulu akaenda kufanya kazi kwenye kampuni ya gesi. Uwezo wake wote ulikuwa siku tatu. Maziwa kwenye friji ya Bernadine yalidumu zaidi.

Bernadine alikuwa ameshona kola za mashati mpaka kiwanda kilipofungwa, kisha akapika miaka kumi na tisa katika jiko la shule. Ujumbe wa kamati aliupata miaka tisa nyuma, mwaka ambao hakuna aliyeutaka, kwa kura tatu zilizoandikwa kwa mkono: yake, ya marehemu mumewe Stanley, na ya mtu wa tatu ambaye hakuwahi kumjua. Kazi yake kwenye kamati ilikuwa kuchemsha kahawa. Kwa miaka tisa hakuna aliyemuuliza maoni yake, hata kuhusu sukari.

Wiki hiyo simu ilianza kulia. Wa kwanza alikuwa Len Starosta, mwenyekiti wa kamati, ambaye pia ni mwenyekiti wa baraza la mji.

"Bernie, dada yangu, u hali gani? Magoti je?"

"Magoti yapo, Len. Sema unachotaka."

"Nataka nini mimi? Nakujulia hali tu. Unajua Trent, kijana wa Walter, amejitokeza. Kijana mzuri."

"Anaishi wapi?"

"Juu ya duka la pizza. Ana zaidi ya mwaka pale, kama sheria inavyotaka."

"Pazia la pale juu halijafunguliwa tangu Agosti."

Len akacheka cheko la mtu aliyekanyaga kitu kibaya na hataki kuangalia soli. Kisha akasema, "Na Denny wako? Baraza tunakaa mwisho wa mwezi kuhusu ile nafasi ya kudumu. Kijana anajituma sana. Ningependa sana mambo yake yakae sawa."

"Nimekuelewa," akasema Bernadine. Na kweli alikuwa amemwelewa.

Denny, mwanawe, ana miaka thelathini na minane, na huo ulikuwa msimu wake wa tatu wa kuendesha gari la mji la kusukuma theluji kama kibarua. Huitwa theluji ikianguka, huachwa ikiyeyuka. Wenye ajira ya kudumu wana bima ya matibabu. Vibarua wana glavu. Denny ana kisukari. Ifikapo tarehe ishirini ya kila mwezi huanza kupunguza dozi ya insulini ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Hakumwambia mama yake, lakini wanatumia friji moja, na mama ana macho.

Kwa hiyo Bernadine alikuwa amejipangia. Kura ya kamati hupigwa kwa vikaratasi ndani ya kofia ya zimamoto. Angeandika jina la mshindani wa Trent, Rita Yanoshak, nesi wa shule, mwanamke aliyekagua chawa kwenye vichwa vya nusu ya wilaya na hajawahi kumtaja mwenye chawa. Angekunja karatasi yake, angekunywa kahawa, angenyamaza. Trent angeshinda au angeshindwa, na Len asingejua lolote. Mambo ya Denny yangekaa sawa.

Mkutano ulianza saa kumi na mbili jioni. Trent alivaa buti mpya za kazi zisizo na tone la tope, akamshika kila mtu mkono kwa mikono miwili. Alipofika kwa Bernadine akamwita Barbara.

"Hotuba yake ilikuwa fupi, nashukuru," akanong'ona Joe Pavuk, fundi bomba aliyekaa pembeni yake. Joe alikuwa ameapa wiki nzima, dukani na kinyozini, kwamba hatakubali kiti kirithiwe kama saa ya babu. "Mtoto wa nyoka ni nyoka, Bernie. Mpaka nife mimi."

Kofia ikazunguka. Trent tisa, Rita sita. Watu wakapiga makofi na kusogelea pierogi.

Hapo ndipo Rita aliposimama. Bernadine alikuwa ameisahau desturi hiyo kwa sababu miaka yote ilipofika alikuwa jikoni. Aliyeshindwa hutoa hoja kwamba uteuzi uandikwe kuwa wa kauli moja, ili gazeti liandike kwamba chama kina umoja, na asiyepingana na hoja husimama.

"Natoa hoja," akasema Rita, akitabasamu kwa meno tu, "tumpe Trent kauli moja."

"Naunga mkono!" Huyo alikuwa Joe Pavuk, na bado alikuwa hai. Alisimama haraka mpaka kiti chake kikaanguka.

Viti vikakwaruza sakafu. Watano kati ya sita waliokuwa wamempinga Trent dakika nne zilizopita walisimama kwa bidii kuliko tisa waliompigia, wakiangaliana kuhakikisha wanaonekana. Mmoja alisimama na sahani.

Bernadine hakusimama.

"Bernie," Joe akamvuta mkono wa koti. "Inuka, mama. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Kombe lenu, lifunikeni wenyewe."

Len akanyoosha shingo. "Bernie, magoti?"

"Magoti hayana neno leo. Mimi sikumpigia huyu kijana. Mkiandika kumi na tano, mmeandika uongo, na kipande cha huo uongo ni changu."

"Ni utaratibu tu, dada."

"Basi kwa utaratibu, andika kumi na nne."

Rita alimwinamia akasema kwa sauti ya kumtuliza mtoto anayechomwa sindano, "Bernie, shoga, ndivyo inavyofanywa. Mimi mwenyewe nimesimama."

"Nimekuona."

Jikoni birika lilikuwa likichemka. Len akalainisha sauti. "Denny hajambo?"

Kila mtu ukumbini alijua maana ya swali hilo. Kumi na wanne waliangalia viatu vyao.

"Hajambo," akasema Bernadine. "Yuko barabarani anawasafishia njia, mfike nyumbani."

Len akaandika kumi na nne. Bernadine hakuosha birika.

Asubuhi ya Ijumaa theluji ilikuwa imefika magotini. Simu ya kumwita Denny kutoka karakana ya mji, ambayo hulia saa kumi na nusu alfajiri, haikulia. Saa kumi na mbili Denny alikuwa jikoni, buti miguuni, akisikiliza gari lake likipita nje na dereva mwingine. Bernadine akamkaangia mayai, akamweleza yote.

"Kwa ajili ya Rita?" akauliza Denny. "Na mwenyewe alisimama?"

"Si kwa ajili ya Rita."

"Basi kwa ajili ya nani, Mama? Mimi ndiye ninayejichoma ile sindano."

Bernadine akazima jiko. "Una haki ya kukasirika," akasema. "Kasirika ndani ya gari. Vaa koti."

Akamwendesha maili kumi na nne, polepole, hadi kwenye maghala makubwa ya kando ya barabara kuu, ambako watu huandikwa kazi kila siku na bima huanza baada ya siku tisini. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya mdhamini wa tabia, asiwe ndugu.

"Niandike nani?" akauliza, bila kumwangalia.

"Rita Yanoshak. Atakubali. Yule hajui kukataa."

Bernadine akachukua kalamu, akaijaza namba ya simu mwenyewe, kisha akaenda kwenye dirisha la karani kuuliza kama siku hizo tisini zinaweza kupunguzwa. Akaambiwa haziwezi. Akaomba aandikiwe hilo, na jina la aliyelisema.