Mwaka Chini ya Kipini

Mthamini wa silaha za kale hapa Stockholm hana haraka. Hunusa bastola kwanza, kisha huvua vipini vyake vya mbao polepole, kama anayemvua viatu mtoto aliyelala. Veneranda alisubiri. Kama bastola ya marehemu mumewe ilitengenezwa kabla ya 1890, angebaki nayo bila kibali. La sivyo, polisi wangeichukua ikayeyushwe. Mthamini aliuona mwaka uliochongwa chini ya kipini, akavua miwani, akaitia mfukoni.

“Macho yangu yamechoka. Nisomee wewe, Veneranda. Nitaandika utakachosema.”

“Elfu moja mia nane tisini na moja.”

Mthamini akaweka kalamu chini. “Soma tena, taratibu.”

Veneranda, mzee wa kanisa, akarudia kwa sauti anayosomea Zaburi, hata karani wa chumba cha pili akasikia.