Harusi ya Baba Uzeeni

Mama alipofariki, katikati ya miaka ya sabini, baba alikuwa amestaafu kazi ya mgodini Mwadui na kurudi kulima pamba kwetu Ushirombo. Mimi nilikuwa muuguzi mjini Shinyanga. Kila nilipokwenda kumwona nilimkuta amekonda zaidi. Mkanda wa suruali alikuwa ameutoboa matundu mapya. Wazee wenzake hawakuficha. "Mgane hachelewi kumfuata mkewe," walisema.

Nilimwomba aje kuishi kwangu.

"Nikakae mjini nifanye nini? Nihesabu magari?"

Siku moja nilimkuta jirani yetu, mjane wa rika lake, amesimama mbele yake na bakuli la michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga.

"Kula, mzee," alimwambia. "Mkeo alikuwa rafiki yangu. Nikikutana naye huko nitamwambia nini? Kwamba nilikutazama ukijiua kwa njaa?"

Baba akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi. Akala.

Baada ya mavuno alituita mimi na kaka yangu mkubwa. "Nataka kumwoa yule mama," alisema.

Kaka aliinamisha kichwa. "Baba, kwa umri huu? Watu watatucheka."

"Afadhali wanicheke nikiwa hai."

Kaka akanitazama, akitegemea nimuunge mkono. Nikasema, "Mimi nitasimamia harusi."

Nikasimama kweli, kando ya bibi harusi, katika kanisa la misheni. Waliokuja kuchungulia tu waliishia kupiga vigelegele. Kaka alikaa benchi la nyuma, lakini alikuja.

Baba aliishi hadi miaka ya themanini ilipokaribia kwisha, akawazika wengi wa wale wazee waliomtabiria kifo. Sisemi kwamba ndoa ni dawa. Katika kazi yangu nimewaona wajane walionawiri peke yao, wakilima na kuamua mambo yao wenyewe. Baba hakuwa mtu wa namna hiyo. Alihitaji mtu wa kubishana naye juu ya chumvi ya mboga, na wa kumuuliza anakwenda wapi na kofia ile chafu.

Jumapili nilizokuwa kwetu Ushirombo, alimpakia mkewe kwenye baiskeli, wakaenda misa. Mimi nilifuata kwa miguu, na nikisikia watu njiani wakisema, "Hebu mwone yule mzee!" niliwahi kuwajibu kabla hawajaniuliza: "Ni baba yangu."