Kaniki Katika Ufalme wa Kubuni

Kijana aliyeniletea kazi ile alizaliwa Kizingo, akasomea filamu ng'ambo, akarudi na wazo lake. Aliketi kwenye benchi la chumba changu cha kushonea, hapa Mji wa Kale, akanieleza kwa adabu, mikono magotini. Ulikuwa mchezo wa televisheni. Mwaka ni huu huu wetu, simu ni hizi hizi, ila bendera nyekundu ya Sultani haikuteremshwa kamwe juu ya Ngome ya Yesu. Sultani bado yuko, na watoto wake wako, na mji mzima unaishi kwa kuwatazama.

Sitasema uongo, nilicheka na nikapenda. Katika mchezo wake vikundi vya taarab vinagombea nani ataimba kasrini siku ya Idi. Madereva wa malori pale Makupa wamechora uso wa Sultani milangoni. Binti mfalme akijipaka wanja kwa namna mpya, kufikia Ijumaa wasichana wote wamejipaka vile vile, na timu za mpira zinapigania kombe lenye jina la mama yake. Nilimwambia hayo hayahitaji hata mfalme. Sisi tusio naye tunakodi viti vya dhahabu harusini, bibi harusi anapandishwa juu kama malkia, na jirani asiyealikwa ananuna mwaka mzima. Tunapenda kuinama, tumekosa tu wa kumwinamia.

Basi nikakubali, nikashona majoho matatu ya kwanza kwa moyo mkunjufu. Na binti yangu, ambaye ana miaka kumi na tisa na hapitwi na jambo, akaenda kujaribu bahati yake. Alitaka nafasi ya rafiki wa binti mfalme. Aliyarudia maneno ya rafiki huyo jikoni, bafuni, akikunja nguo, mpaka na mimi nikayahifadhi. Alirudi anacheka. Amechukuliwa, atabeba sinia.

Kesho yake nikaletewa jora la kitambaa pamoja na orodha ya pili: wajakazi kumi na wawili, kaniki.

Asiyeijua kaniki aijue. Ni kitambaa cha pamba, buluu iliyoiva hadi ikawa nyeusi, na zamani hapa pwani kilikuwa vazi la wajakazi. Nyanyake mama yangu aliivaa katika nyumba kubwa ya watu, nyumba ambayo bado imesimama vichochoro vitatu kutoka kwetu. Siku aliyopata uhuru aliichana, akaifanya tambara la kupigia deki, akasema haitapita tena mlangoni kwake ila iwe ya sakafu. Mama alilelewa na kauli hiyo, nami nikalelewa nayo. Hata matangani hatuivai.

Nikalibeba lile jora hadi kwenye ua wa nyumba waliyokodi yule kijana na wenzake, walipokuwa wakipanga waigizaji. Wasichana weupe weupe walikuwa wamekaa kivulini wakipimwa mataji. Weusi, binti yangu akiwa miongoni mwao, walikuwa wamesimama na masinia. Hakuna aliyetamka neno baya. Hakuna aliyehitaji kutamka, kila mmoja alikuwa amejiendea upande wake bila kuambiwa, na hilo ndilo lililonipandisha hamaki kuliko yote.

"Shikamoo, mama," yule kijana akasema. "Kitambaa hakikutosha?"

"Marahaba. Chatosha. Nimekirudisha."

Akanieleza, kwa upole ule ule, kwamba hiyo ni historia na yeye hawezi kuificha. Kisha akaniongezea kwamba wazee walisema mwacha asili ni mtumwa.

"Na yule ambaye asili yake ndiyo huo utumwa, afanyeje?" nikamwuliza. "Halafu historia gani, mwanangu? Wewe mwenyewe wanambia mambo haya hayakuwa. Umembuni Sultani mwenye simu, umembunia na gari la umeme. Kila mtu umempeleka mbele. Wafika kwa mjukuu wa mtumwa, wamwacha pale pale na sinia lake. Kalamu ni yako. Nani alokushika mkono?"

Alisema atalifikiria. Alichofikiria ni fundi mwingine, akampata siku hiyo hiyo.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa nyumbani. Binti yangu alininunia siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Mama, ni mchezo tu. Hayo yalikuwa ya nyanya wa nyanya. Mimi ni mimi." Nilikuwa na maneno makali tele, nikayameza. Nikamwambia aende, mtu mzima hafungwi kamba, lakini sindano yangu asiitafute.

Mchezo ulionyeshwa Jumamosi moja alasiri. Majirani walikuja na bajia zao, wakajaa sebuleni. Mama, anayekaribia miaka tisini, tulimweka karibu kabisa na televisheni kwa sababu ya macho yake. Hakuna aliyekuwa amemwambia chochote. Binti yangu aliketi sakafuni, miguuni pake. Dhahabu ikapita, ngoma ikapita, watu wakasifu majoho yangu.

Kisha akapita yeye na sinia, ndani ya kaniki, muda wa kufumba na kufumbua. Majirani wakampigia makofi.

"Yule ni nani?" mama akauliza.

"Ni mimi, nyanya. Hukunijua?"

Mama alimtazama mjukuu wake. Hakukasirika, nami nilitamani angekasirika, maana hasira tumeizoea nyumbani kwetu.

"Na mimi," akamwuliza, "kwenye ufalme wenu huo, ningalivaa nini?"

Kwenye televisheni Sultani alikuwa akipiga picha na wachezaji mpira. Binti yangu akaushika upindo wa leso aliyojifunga nyanya yake, akaukumbatia kifuani, na hakuuachia mpaka mchezo ukaisha.