Chupa ya Kijani na Jina la Wiki Tano

Chupa ile ilikaa kwenye rafu ya duka letu la mtaa wa Lizaboni, Songea, karibu mwaka mzima bila kupata wa kuitaka. Mteja mmoja aliuliza kama ni dawa ya kunguni. Mwingine aliinyanyua juani, akasema rangi ya kijani namna ile haijawahi kumwingia binadamu tumboni akabaki salama. Maandishi yake yalikuwa ya Kireno, na Kireno sisi tulikisikia redioni tu.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara binafsi ilipofunguliwa. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazini, akafungua duka kama nusu ya wanaume wa Songea. Chupa ilitujia kwa mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru, Mwislamu wa swala tano, aliyeikuta ndani ya katoni ya sabuni kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma. "Dada yangu, hii ni pombe, wallahi nimeinusa tu," aliniambia, ameishikia mbali kama amekabidhiwa nyoka. "Kuiuza siwezi, na kumwaga mali naona uchungu. Ninyi mtajua la kuifanya." Hatukujua.

Aliyetufumbua macho ni padri mmoja mzee, Mzungu, aliyeingia kununua betri.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Shikamoo, Padri."

"Marahaba." Akaiona chupa, akacheka peke yake. Alituambia inaitwa absinthi, imetengenezwa kwa mbegu za kunukia na pakanga, ule uchungu unaotajwa katika Ufunuo, na kwamba hainywewi hivi hivi: hudondoshewa maji baridi mpaka igeuke nyeupe. "Lakini kidogo," alisema, "ni kali." Kuanzia hapo mume wangu hakutulia mpaka aionje.

Hapo sina budi kurudi nyuma. Mtoto wetu wa kwanza, binti, aliishi wiki tano. Ilikuwa miaka ya foleni, hata chumvi ilikuwa ya kubahatisha. Kwa desturi ya ukoo wa mume wangu, mtoto ambaye hajaota meno huzikwa na wanawake watu wazima, haraka, bila matanga. Baba haendi. Mama naye hufungiwa ndani asilie, maana akilia atafunga kizazi. Mama mkwe alimfunga binti yangu kwenye kanga yangu, akatoka naye kwa mlango wa nyuma wa nyumba yetu ya Msamala, yeye na bibi mmoja jirani. Nilibaki kitandani, maziwa yakinichuruzika kifuani.

Kwa wiki tano watu waliniita Mama pamoja na jina la binti yule. Kesho yake baada ya maziko nikarudi kuwa wifi na shemeji. Alipozaliwa wa pili, wa kiume, nikapewa jina lake, na ndilo ninaloitwa hadi leo. Mume wangu hakulitaja jina la kwanza tena, hata kwa bahati mbaya. Miaka kumi na moja nilimsubiri alitaje. Niseme ukweli, nilimchukia kwa hilo, huku nampikia na kumfulia.

Basi Jumapili moja baada ya misa akaja na chupa nyumbani. Watoto walikuwa kwa shangazi yao Bombambili. Akakaa kwenye kigoda uani, akaifungua, akamimina matone kizingitini kama alivyofanya hata kwa komoni, pombe yetu ya kienyeji, akawataja wakubwa wake waliolala: babu, baba, na mama yake aliyefariki mwaka uliotangulia.

"Hao walizoea komoni," nilimtania. "Utawaumiza matumbo."

Alicheka. Akatia kidogo kwenye glasi. Nikachota maji ya mtungi, akayadondosha kwa kijiko. Ule ukijani ukavurugika, ukawa mweupe kama maziwa ya mama mtoto anapoanza tu kunyonya, mepesi, na ubuluu kidogo pembeni.

Harufu ilinifikia kabla ya glasi. Ilikuwa ya gripu wota, ile dawa ya chupa wanayopewa watoto wachanga wakisokotwa na tumbo. Mume wangu aliitafuta kwa baiskeli wiki nzima, akapata chupa moja, na binti yetu aliinywa siku tatu. Ndiyo harufu iliyokuwa kinywani mwake siku ya mwisho. Waliofuata sikuwapa dawa hiyo kamwe.

Mume wangu alipiga funda, akakaa nalo mdomoni. Akanipa glasi, nami nikanywa: utamu, halafu moto, halafu uchungu uliong'ang'ania nyuma ya ulimi. Ndipo nikasikia mtoto akicheua begani kwangu. Msinicheke, lilikuwa funda moja tu. Nilimsikia, na bega langu likapata joto, nikaogopa hata kugeuza shingo.

"Umesikia?" niliuliza.

Alikuwa anatazama migombani. "Yuko wapi?" akasema. "Mama alimlaza wapi?"

"Wewe si ndiye mwanawe? Nilijua alikwambia."

"Mambo ya akina mama yale, ningemuuliza vipi? Nilijua wewe unajua."

"Nilifungiwa ndani, baba. Nilisikia jembe tu, upande wa migomba."

Mama mkwe alikuwa kaburini, na yule bibi jirani alimtangulia. Hapakuwa na mwingine wa kuuliza. Na migomba haikai mahali pamoja: ile ya wakati ule ilishakufa, waliosimama pale ni watoto wake, hatua mbili tatu kando ya mama zao. Miaka kumi na moja nilikuwa nimefagia uwanja ule na kupika ndizi zake. Nilimkasirikia mtu ambaye hakuwa na mahali pa kwenda kulia, kama mimi.

Akainuka na glasi. Akaenda shina la kwanza, akainama, akamimina kidogo. Akaenda la pili. Babu na baba zake safari hii hakuwataja. Glasi ilipokwisha alirudi kuchukua chupa na kata ya maji, akaendelea, shina kwa shina, mpaka uani kote kukanuka dawa ya mtoto. Kwenye shina la mwisho alisimama amenipa mgongo.

"Mama," akaita, akaunganisha na lile jina la wiki tano, ambalo hata hapa siliandiki. Akangoja bila kugeuka.

"Abee," nikaitika.